Meza Mbili Juu ya Paa

Mkwe wangu namjua kwa kisogo. Miaka sita alikuwa mume wa binti yangu, na kama ungenitaka nimtambue kwa uso katikati ya soko ningebabaika, lakini kisogo kile, chenye kovu dogo chini ya sikio la kushoto, ningekitambua kwenye gwaride zima. Kwetu sisi, watu wa miteremko ya juu ya Mbale, mama mkwe na mume wa binti hawapeani mikono. Hawali meza moja, hawaingii nyumba moja, na wakikutana kwenye kijia mmoja anageuka mpaka mwenzake apite. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Alisema anayemgusa mkwe atatetemeka mikono mpaka siku ya kuzikwa. Nilimwamini. Nayasema haya mapema kwa sababu binti yangu hayupo tena, na hayupo kwa sababu nilimwamini.

Msinidhanie mshamba. Niliolewa na polisi, mtu wa kaskazini. Yeye hakujua lugha yangu, mimi sikujua yake, tukakutana kwenye Kiswahili cha kambi na humo tukakaa. Watu wengi hapa Uganda wakisikia Kiswahili wanakumbuka buti na virungu na miaka ya wanajeshi. Kwetu kilikuwa lugha ya uji, ya kuogesha mtoto na ya kugombana. Miaka ishirini nilipika kwenye kantini ya polisi pale Jinja. Nimelisha maafande wa kila cheo, na walevi nimewafukuza kwa upawa mkononi. Mume wangu alipofariki nikarudi Mbale, kwenye nyumba ndogo ya Nkoma. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba siku ile niliganda kwa woga. Mimi si mwoga, na ingekuwa afadhali ningekuwa mwoga.

Siku ya kwanza kijana yule alipokuja Nkoma, binti yangu hakuwa amemweleza lolote. Akaingia uani amevaa shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akanyoosha mkono, "Habari ya mama!" Ebo! Nilikimbilia jikoni nikafunga mlango kwa komeo. Nikamsikia amesimama palepale, mkono bado uko hewani, akimuuliza binti yangu kwa sauti ya chini amekosa nini. Binti yangu alicheka mpaka kifua kikambana, ikabidi avute dawa. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na ile chupa ndogo ya dawa ya kuvuta haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi.

Nilimfundisha kijana yule kupitia mlango wa jikoni. Mimi nasema, binti yangu anapeleka. Mwambie mama mkwe hapewi mkono. Mwambie akinikuta njiani ageukie ukutani nipite. Mwambie asiniite, asinisemeshe, chochote anachotaka akuambie wewe. Alizaliwa kambini na kukulia kambini, baba yake askari magereza na yeye askari magereza, desturi pekee aliyoijua ni filimbi na gwaride. Lakini mtu wa gwaride ukimpa amri anaishika. "Ndiyo, mama," akajibu, halafu akakumbuka kwamba haruhusiwi kunijibu, akamgeukia binti yangu, "Mwambie ndiyo." Nilicheka peke yangu humo jikoni mpaka nikashika meza.

Basi tukawa na shida. Yeye haingii kwangu, mimi siingii kwao Jinja. Na huyu alikuwa mtoto wangu wa pekee, sikuzaa mwingine, na alichotaka ni kutuona mimi na mumewe mahali pamoja, hata mara moja kwa mwezi. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo kwenye ofisi ya familia moja ya Wahindi pale Jinja. Siku moja akanipigia simu, sauti imemjaa furaha.

"Mama, nimepata! Desturi inasema wewe na yeye msiwe chini ya paa moja. Sasa tukikaa juu ya paa?"

"Juu ya paa? Mimi ni paka?"

"Hoteli za juu, mama. Zile za ghorofani, za watu wakubwa. Pale juu hakuna paa la mtu, kuna mbingu tu. Nani atakulaumu kukaa chini ya mbingu na mkwe wako?"

Nilifikiri usiku mzima nikitafuta kosa katika hoja ile, sikuliona. Ndivyo nilivyoanza, mimi huyu mpishi wa kantini, kupanda kwenye mahoteli ya matajiri.

Ya kwanza ilikuwa Jinja, jengo jipya limesimama katikati ya maduka ya zamani ya Wahindi. Siku hizi Jinja ni jiji, na Mbale ni jiji. Serikali ilitupandisha cheo, mashimo ya barabarani ikayaacha yalivyokuwa. Mlangoni askari akanipekua mkoba, akasikia Kiswahili changu, akanyooka. "Jambo mama. Lifti hapana iko. Shimo tu. Utapanda na miguu." Kumbe kweli, walijenga shimo la lifti na lifti yenyewe haikufika. Tukapanda. Kila ghorofa binti yangu alisimama, akapima upana wa ngazi kwa mikono, akatikisa kichwa. Alikuwa na mtihani mmoja kwa kila ngazi aliyokutana nayo: je, kitanda kinapita?

"Ngazi ambayo kitanda hakipiti, mama, aliyeichora hajawahi kuuguza mtu."

Nilijua pia kwamba alikuwa anapumzika. Kupima kulikuwa kisingizio cha kifua chake. Nami nilijifanya nasikiliza habari za ngazi ili apate pumzi.

Pale juu, jamani. Mito ya viti ya rangi ya machungwa, kuta za vioo, muziki wa chini, wazungu wawili na mheshimiwa mmoja na simu zake. Mto Nile unauona wote unavyoondoka ziwani, umetulia, na chini yako mabati ya mji yenye kutu ambayo ukiwa barabarani huyajui. Niliagiza malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayokausha kwa moshi na kupika kwa karanga, chakula cha kwetu, nione watu wa juu wanakipikaje. Wakaleta vijiko viwili katikati ya sahani kubwa, na jani juu. Nikamuuliza weita, "Mwanangu, hii ni ya kuonja au ya kula?" Kisogo cha mkwe wangu kikatikisika.

Kwa sababu yeye alikuwa meza ya pili. Huo ndio ulikuwa mpango wa binti yangu: meza mbili, mgongo kwa mgongo. Mimi naangalia mto, mkwe anaangalia mji, binti yangu amekaa upande kwenye meza yangu na shingo yake iko kazini mchana kutwa. "Mwambie mumeo mbona anakula haraka, nani anamfukuza?" "Mama anauliza nani anakufukuza." "Mwambie mama ni mazoea ya kazini." "Anasema ni mazoea ya kazini." Na tulikuwa tunasikiana vizuri tu! Weita akadhani tumegombana. Alikuja kwa huruma, akasogeza meza ziungane, akasema familia ikae pamoja. Nilipiga kelele hadi mheshimiwa akakata simu.

Tulienda nyingi. Jinja mwezi huu, Mbale mwezi ujao. Ile ya Mbale nyuma ya mnara wa saa niliipenda kuliko zote, kwa sababu mlima Wanale unakuwa mbele yako wote, na msimu wa mvua maporomoko yanashuka ukutani mistari myeupe, nami naonyesha kwa kidole, pale, pale pembeni ya ule mti, ndipo mama yangu alipozaliwa. Wacha niseme ukweli: nililalamika kila mara, chakula haba, kiti kirefu, miguu inaning'inia, bilauri ya juisi imewekewa mwavuli wa karatasi ya nini. Na kila mara nilianza kupiga pasi gauni siku tatu kabla. Binti yangu alikuwa akinitazama mimi, halafu anamtazama mumewe juu ya bega langu, halafu anakunywa juisi yake. Hakuna furaha nyingine niliyowahi kumpa mtoto yule iliyomtosha hivyo.

Kuna siku nilitoa mzaha kuhusu askari wa zamani aliyekuja kula kantini amevaa viatu vya jozi mbili tofauti. Kisogo kikacheka kabla binti yangu hajapeleka. Binti yangu akapiga kofi mezani. "Wewe! Subiri nikuambie kwanza ndio ucheke!" Tukacheka wote watatu, mimi nikielekea mlimani, mkwe akielekea mjini.

Sasa niseme ile Jumapili.

Ilikuwa Jinja, hoteli mpya kabisa, binti yangu aliisikia kazini. Ghorofa nne za ngazi ya kawaida, halafu ya mwisho, ya kufikia paa, ilikuwa ngazi ya chuma inayojizungusha, nyembamba, mtu mmoja tu. Alisimama chini yake akaitazama. "Hapa hata godoro halipiti," akasema, na akapanda. Alikuwa amevaa gauni la kijani na mkoba mdogo mweupe wa kutokea. Mkoba wa kila siku, ule mkubwa wa kazini, aliuacha nyumbani. Dawa ilikuwa ndani ya ule mkubwa.

Tulikuwa wageni wa kwanza. Saa saba mchana, jua kali, juu hakuna mtu mwingine. Weita akachukua maagizo, akashuka. Binti yangu alikuwa anamweleza mumewe jinsi nilivyobishana na mwenye boda. Halafu upepo ukageuka. Kwenye uwanja wa nyuma mtu alikuwa anachoma takataka, plastiki na majani na sijui nini, kama watu wanavyochoma kila siku katika mji huu, na moshi ukapanda ukuta wa jengo ukatujia juu wote. Akakohoa. Akakohoa tena. Akavuta mkoba mweupe, akaingiza mkono, akautoa mtupu, na nikauona uso wake unaelewa.

Ile hali niliijua, nilikesha nayo utoto wake wote. Lakini haikuwahi kuja haraka hivyo. Kiti cha mkwe kikaanguka. Akamwinua, akamweka begani, na binti yangu akabanwa tumbo akatoa sauti ambayo siwezi kuiiga. Akamshusha. Akambeba mikononi kama mtoto, akafika kwenye ngazi ile ya chuma, miguu ikanasa kwenye vyuma. Akarudi. Akajaribu kwa ubavu, kichwa kikagonga. Ngazi ile ilitaka watu wawili, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wamekaribiana, mikono karibu na mikono.

Akageuka akanitazama usoni. Miaka sita, mara ya kwanza.

"Mama! Shika miguu!"

Nami nikarudi nyuma.

Hatua mbili. Mgongo wangu ukagusa tangi la maji, lilikuwa la moto kwa jua, nalihisi mpaka leo. Nikavuta mtandio nikafunika uso. Sikufikiri kitu, Mungu wangu, laiti ningekuwa nimefikiri! Sikumkumbuka mama wala maonyo yake. Mwili tu ulifanya ulichofundishwa, mkwe ameniita, mkwe ananitazama, geuka. Nikaanza kuita, "Weita! Weita!" kwa sauti ya kantini, nikiwa nimeelekea tangi. Mtoto wangu alikuwa hatua tano kutoka nilipo. Nilisikia anavyovuta hewa isiyoingia, nami naita mtu mwingine aje ashike miguu yake.

Mara moja nilichungulia kupitia mtandio. Alikuwa ananiangalia. Mkono wake mmoja ulinyanyuka ukafanya hivi, ishara tunayofanya kumwita mtu, vidole chini. Halafu ukashuka.

Weita alifika. Dakika ngapi, sijui, nimezipima mara elfu na kila mara zinakuwa nyingi zaidi. Wakamteremsha wawili. Na hata hapo, sikilizeni, hata hapo nilisubiri juu mpaka wafike ghorofa ya chini yake, nisije nikamkaribia mkwe kwenye ngazi. Nje wakasimamisha gari la mtu, wakamlaza kiti cha nyuma na mkwe akaingia. Mlango ukabaki wazi. Dereva akasema, mama ingia. Sikuingia. Gari moja na mkwe, magoti kwa magoti? Nilipanda boda, nikamwambia mwenye boda afuate gari lile, likatupotea kwenye mzunguko.

Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Daktari, msichana mdogo, alisema, "Pole mama. Kama mngewahi kidogo." Kidogo. Kila neno la Kiswahili nalipenda, nimekula nalo na kulala nalo, lakini hilo silitumii tena. Nikitaka chumvi nasema nipe chumvi.

Mkwe alikuwa kwenye korido. Aliponiona akageukia ukutani ili nipite.

Tulimzika juu mlimani kwa mama yangu. Kwenye matanga shangazi zangu waliuliza ilikuwaje, na nikawaeleza kila kitu, mpaka tangi, mpaka mtandio. Nilitaka wanipige. Nilitaka hata mmoja anitemee mate. Wakatikisa vichwa, na yule mkubwa wao akanishika goti akasema kwa upole, "Ulifanya vizuri, binti yetu. Hata kwenye taabu ile ulijiheshimu." Wengine wakaitikia. Nikainuka nikawaacha.

Kutoka siku hiyo mimi si mtu. Sitaki kujifanya kwamba kuna kitu kimenifundisha, au kwamba wakati unaponya. Hauponyi. Naamka, nachemsha maji, nayaangalia yanakauka. Kanisani siendi, maana sina la kumuuliza Mungu ambalo jibu lake sijui. Mikono yangu inatetemeka, chai inamwagika, jirani anasema nikapime presha. Mama alisema atakayemgusa mkwe atatetemeka. Sikumgusa, mama. Nilikutii. Mbona natetemeka?

Miezi minane hakuna neno kati yangu na mkwe. Litatoka wapi? Aliyepeleka maneno tumemfukia. Halafu, wiki tatu zilizopita, kwenye simu ukaingia ujumbe wake: "Mama. Jumamosi niko Mbale. Nina kitu chake cha kukupa. Pale juu, mnara wa saa. Saa nane mchana."

Nilipiga pasi gauni. Nilikuwa na neno moja tu la kwenda kumwambia, na nililirudia njia nzima kutoka Nkoma: nisamehe. Nilitaka anijibu lolote, hata atukane. Nilitaka mtu mmoja duniani aniambie kwamba nilimuua, kwa sauti, ili nisiwe peke yangu ninayejua.

Meza mbili zilikuwa tayari, mgongo kwa mgongo. Kisogo kilikuwa pale, kimekonda, mifupa ya shingo imetoka. Pembeni ya meza yangu aliweka kiti cha tatu, na juu ya kiti bomba refu la karatasi. Nikakaa. Weita akaja, nikaagiza juisi, ikaja na mwavuli wake. Wanale ulikuwa mbele yangu, mkavu, hauna hata tone.

Halafu akasema, sauti ikielekea kiti kile kisicho na mtu, "Mwambie mama, hiyo ramani ni yake. Ulikuwa unaichora."

Alikuwa anamwambia binti yangu. Alikuwa anapitisha kwake, kama kawaida.

Nikaifungua. Ilikuwa nyumba, kiwanja changu cha Nkoma, mti wa parachichi wa nyuma ameuchora kwa majani yake. Ghorofa moja. Upande huu chumba, na pembeni ameandika kwa herufi zake ndogo "Mama". Upande ule chumba, "Sisi". Milango miwili. Ngazi mbili, moja kila upande, ili mimi na mkwe tusikutane maisha yetu yote, na zote mbili zinapanda juu ya paa, na juu ya paa meza mbili. Upana wa kila ngazi ameuandika kwa namba, na karibu na namba amechora kitanda kinapita.

Nikaiweka chini. Nikasema kile nilichokuja kusema, nacho nikakisema kwa kiti, kwa sababu nilishindwa kukisema pengine popote.

"Mwambie mumeo anisamehe. Mwambie nilimsikia. Mwambie nilisikia vizuri, na mikono nilikuwa nayo."

Kuna ndege walipita, kuna honi chini. Nikamsikia anapumua kwa kinywa, nikajua analia, na sikuweza kugeuka kumwona.

"Mwambie mama," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Mwambie mama mimi ndiye wa kuomba msamaha. Ulinifundisha nisimwite. Siku ile nilimwita. Nilimtazama usoni, mbele yako. Nilimkosea heshima mama yako, ukaondoka ukiwa umeona hivyo. Silali. Mwambie anisamehe."

Loo! Nilikuja kutafuta hukumu, na mtu huyu miezi minane anajihukumu mwenyewe kwa kosa lile. Kwamba aliniita. Nilitaka kusimama, nipindue meza, nimshike mabega nimtikise, nimwambie, mpumbavu wewe, ungeniita zaidi, ungenivuta nywele, ungenitukana mpaka nije! Lakini sikugeuka. Nilitikisa kichwa tu, na yeye hakukiona, maana alikuwa anaangalia mji kama nilivyomfundisha.

Hatukula. Alisimama kwanza, akaondoka. Nami nikakunja ramani nikafuata, miguu mizito, ngazi za pale zina giza hata mchana na hazina mahali pa kushika. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu nikamkuta. Alikuwa amesikia viatu vyangu, akasimama na kugeukia ukutani ili mama mkwe apite.

Nikasimama nyuma yake, karibu kabisa. Kovu lile chini ya sikio, kola imechakaa. Nikanyoosha mkono unaotetemeka.

"Mwanangu," nikamwambia, yeye mwenyewe, si kupitia kwa mtu. "Nipe mkono. Nishike tushuke."

Mabega yake yakashtuka. Akasogea zaidi mpaka paji la uso likagusa ukuta, na mikono akaikusanya kifuani, mbali na mimi.

"Mwambie mama apite," akasema kwa upole. "Mwambie njia iko wazi."

Mkono wangu ulibaki hewani pale, kama wake siku ile ya kwanza Nkoma. Hakukuwa na wa kumwambia kitu. Nikaurudisha, nikashika ukuta, nikashuka ngazi moja moja.